Maji ya Siku Moja

Kila asubuhi Theopista alianza na ng'ombe. Alikata majani, akayapanga horini, akamwachia mama yake, Gladness, kazi ya kukamua. Kisha alichukua fimbo yake yenye alama za sentimita, akapita katikati ya migomba na mibuni mpaka kwenye mfereji uliopita nyuma ya shamba lao. Alichomeka fimbo mahali palepale, kando ya jiwe jeusi, akasoma alama na kuandika kwenye daftari. Hapo ndipo alipovaa sare na kukimbilia shule.

Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Evaristo tangu mwezi wa Juni. Darasa la sita lilikuwa linaandika juu ya utajiri wa kijiji chao cha Kyareni. Kuna waliopewa kahawa, kuna waliopewa ndizi, wengine maziwa, wengine waongoza watalii. Theopista na jirani yake Godlove walipewa maji. Godlove alipima wiki mbili, akasema miguu imekufa ganzi, akaacha. Theopista akaendelea peke yake.

Ilipofika Oktoba jua lilikuwa kali, na fimbo haikulowa zaidi ya sentimita kumi. Kila nyumba ilipata maji kwa zamu. Zamu ya akina Theopista ilikuwa Jumatano tu, tena kwa saa tatu.

Wakati huo habari zikaenea. Kampuni moja ya mjini Moshi ilikuwa inatafuta kijiji cha kulima parachichi za kuuza nje. Ingeleta miche na mtaalamu, na mavuno ingeyanunua yenyewe. Kaya ishirini zingechaguliwa. Sharti lilikuwa moja: mche mchanga unywe maji mara mbili kwa wiki kiangazi chote, kwa miaka miwili ya mwanzo. Afisa wa kampuni, Bi Dafroza, angekuja Jumanne kujionea.

Gladness alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Jumapili, baada ya ibada, alifunga utepe mwekundu kwenye mibuni ya nusu ya kihamba chao, shamba la ukoo lililozunguka nyumba. Hiyo ndiyo ingeng'olewa kupisha parachichi.

"Mama, utaing'oa yote hii?" Theopista aliuliza.

"Imezeeka. Na mimi nazeeka nayo. Siku si nyingi utanifunga utepe na mimi." Mama akacheka.

"Lakini maji yetu ni Jumatano tu. Miche inataka mara mbili."

Mama aliacha kucheka. "Mwenyekiti kasema maji yapo. We mtoto unajua kuliko mwenyekiti?"

Moyo wa Theopista haukutulia. Miche ikikauka Februari, kahawa itakuwa imeshakuwa kuni. Watakula nini, na atasomeshwa na nini?

Jumatatu kukawa na msaragambo. Watu wote walitoka na majembe kusafisha mfereji, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini walipomaliza, Mzee Wilson, msimamizi wa mfereji, aliwaambia kila mmoja azibe mlango wa maji wa shamba lake kwa tope na vipande vya mgomba. Na nduwa, lile bwawa la kuhifadhia maji juu ya kijiji, ikafungwa ijae.

"Kesho asubuhi tunaifungulia," alisema Mwenyekiti Basili. "Mgeni akute mfereji umefurika. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Au mnataka neema iende kijiji cha jirani?"

Watu waliguna, wakacheka, wakakandika tope. Gladness naye alikandika.

Theopista aliondoka mbio mpaka nyumbani kwa Mwalimu Evaristo, daftari mkononi. Alimweleza yote. Mwalimu alifungua kurasa polepole, akafika Julai, akasimama.

"Tarehe saba mpaka kumi na nane, sentimita thelathini na moja kila siku. Siku kumi na mbili hazikupanda wala kushuka. Yalikuwa maji haya, au simenti?"

Theopista alitazama vidole vya miguu yake. Zilikuwa zile siku za baridi, ukungu mpaka mlangoni. Namba hizo aliziandika akiwa chini ya blanketi.

"Sikwenda, mwalimu. Baridi ilinishinda."

"Siku nyingine ni za kweli?"

"Zote, mwalimu."

"Naona. Lakini kesho ukisema mwenyekiti anamdanganya mgeni kwa siku moja, na wewe umedanganya siku kumi na mbili, utamtazama usoni?"

"Basi niuchane ukurasa huo?"

"Ukiuchana utakuwa umedanganya mara ya pili. Piga mstari, namba ionekane, uandike pembeni: sikupima."

Aliandika palepale, mezani pa mwalimu. Sikupima, mara kumi na mbili. Kila neno lilimchoma. Alipomaliza alifunga daftari.

"Kesho nitasoma mwenyewe."

"Utaogopa."

"Nitaogopa huku nasoma," alisema Theopista.

Jumanne mfereji ulinguruma. Godlove alipouona alishika kiuno. "Haa! Leo mfereji umevaa suti na tai!"

Bi Dafroza alifika saa nne. Alikuwa mama mfupi, amevaa viatu vya mpira. Wanafunzi walimwamkia shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kutazama maji, nyuma ya shamba la Gladness.

"Yako hivi siku zote?"

"Kama unavyoyaona, mama," alisema Basili. "Mlima wetu haukauki." Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Bi Dafroza aliwageukia wanafunzi. "Mwalimu kaniambia mmeandika utajiri wa kijiji. Nani alipewa maji?"

"Hao ni watoto tu," Basili alidakia. "Mtori uko tayari, mama, utapoa."

"Mtori utanisubiri."

Theopista alitoka mbele. Alifungua daftari. "Siku kumi na mbili za Julai sikupima. Niliandika namba za uongo kwa sababu ya baridi. Nimezipiga mstari."

Watu wakaangua kicheko, Godlove kuliko wote. Theopista alingoja wamalize, akaendelea.

"Tarehe mosi Oktoba, sentimita kumi. Tarehe tano, tisa. Jana asubuhi, nane. Leo, thelathini na nane." Sasa hakuna aliyecheka. "Leo yamejaa kwa sababu milango ya mashamba imezibwa na nduwa imefunguliwa. Jioni yatakuwa yamekwisha."

"We mtoto!" Basili alifoka. "Unatuuza?"

Gladness alitoka katikati ya akina mama, uso umekaza. Theopista alijua anakuja kumpiga. Lakini mama alimpita, akainama kwenye mlango wa maji wa shamba lake, akachomoa kipande cha mgomba na tope lake. Maji yakamwagika kihambani, na mfereji mbele yao ukapungua.

"Anasema kweli," alisema Gladness. "Huu niliuziba mwenyewe, kwa mikono hii."

Bi Dafroza alifuta matone usoni.

"Mimi nimezaliwa Mabogini, kwenye mpunga," alisema. "Maji yakipungua huku juu, sisi wa chini ndio tunaojua. Nilipoona mfereji umefurika katikati ya kiangazi nikajiuliza, haya ya wapi? Nilikuwa nangoja nani ataniambia. Kaya ishirini haziwezekani. Miche ingekufa kabla ya masika, na kahawa mngekuwa mmeshaing'oa. Nipelekeni kwenye nduwa."

Wakapanda. Ukingo wa nduwa ulikuwa na nyufa ambazo mkono unaingia. Maji mengi yalikuwa yanapotelea porini. Bi Dafroza alizungumza na Mzee Wilson kwa muda mrefu. Wakakubaliana: kampuni italeta simenti, kijiji kitaleta mawe na nguvu zake. Kaya sita zilizo karibu na nduwa zianze, tena miche ipandwe katikati ya kahawa, bila kung'oa hata mbuni mmoja. Nduwa ikipona, wengine wataongezwa kwa kadiri ya maji.

Kaya ya Gladness haikuwemo katika zile sita. Jioni alifungua tepe zote, akazikunja. "Tutakuwa wa saba," alimwambia binti yake. "Kesho tuanze kubeba mawe."

Walibeba kila Jumamosi. Basili alibeba pia, siku za mwanzo kwa kununa, baadaye kwa kelele zake za kawaida. Godlove alirudi kupima, na alipochelewa aliandika "nimelala" bila kuona haya. Mwisho wa Februari ukuta ulikamilika. Masika yalipokwisha nduwa ilibaki imejaa, haivuji, na zamu za akina Theopista zikawa mbili: Jumatano na Jumamosi. Kabla kiangazi hakijaanza, miche kumi na mitano ya parachichi ilikuwa imesimama katikati ya mibuni ya mama yake.

Siku ya kuifungulia nduwa mpya, Mzee Wilson alimwita Theopista mbele ya watu wote.

"Zamani msichana hakusogea kwenye banio, pale mfereji unapochota maji mtoni. Tuliambiwa akisogea maji yatakauka. Sasa mwaka jana hakusogea hata mmoja, na maji yakakauka vilevile." Watu wakacheka. "Kuanzia kesho utapima na pale banioni."

Kisha aliwatazama watoto mmoja mmoja.

"Na nyinyi sikieni. Tulimwonyesha mgeni maji ya siku moja, nusura tung'oe kahawa ya miaka arobaini. Nduwa ilipasuka siku nyingi, ila tulikuwa hodari wa kuficha kuliko wa kujenga. Ardhi tunayo, maji tunayo, mikono tunayo. Lakini mali usiyoijua kipimo chake si mali bado. Ukipungukiwa, sema umepungukiwa, ndipo mwenzako ajue pa kukushika mkono. Kazi ikikushinda leo, sema imekushinda, kisha kesho uamke uifanye."

"Ndiyo, babu," waliitikia.

"Aika, asanteni, wanangu. Haya, fungueni maji."