Alinipima Damu kwa Mikono Yake, Mbele ya Ndugu Zake Akaninyamazia

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, naishi Nyamirambo, hapa Kigali, na kazi yangu ni kulisha tumbili.

Mnacheka? Chekeni tu. Katika maabara yetu madaktari huwadunga tumbili virusi vinavyofanana na vya ukimwi, wajue ugonjwa unavyoanza. Mimi huosha vizimba na kugawa ndizi. Kaka yangu alikufa kwa ukimwi, kwa hiyo kazi hii naiheshimu.

Hapo ndipo nilipompata Deo, mpimaji wa damu. Tukapendana, tukachumbiana...

Mwaka jana, 1992, tumbili mmoja alinikwaruza, ukucha wake ukapasua glavu. Jamani, nilivyolia! Deo akanipima, na baada ya miezi kadhaa akarudia. Akasema niko salama kabisa. Tukakubaliana habari hiyo ibaki yetu wawili.

Kisha akanipeleka Kagarama kwa shangazi yake aliyemlea. Pombe ya ndizi ilikuwa katikati ya ndugu zake, mrija mmoja ukipita mdomo hadi mdomo. Kwetu ukipewa mrija, umepokewa. Ulipofika kwangu, shangazi akauchukua, akaniletea kikombe cha plastiki.

"Mtoto, wewe kunywa hapa," akasema taratibu. "Tumbili ilikukwaruza. Sisi iko na watoto."

Moyo ulinipasuka! Nani alimwambia, kama si Deo?

Nikamtazama Deo. Angesema tu kwamba amenipima na mimi ni mzima, yangekwisha. Akainama. Mrija ulipomfikia, akanywa.

Kesho yake alikuja kwangu na sindano. Eti nimruhusu anipime tena, ili wazee watulie. Nilikasirika mno! Hakuyaamini majibu yake mwenyewe? Au aliyaamini, ila akamwogopa shangazi? Hata sasa sijui lipi baya zaidi.

"Damu yangu unaijua kuliko mtu yeyote," nikamwambia. "Rudi kwenu."

Harusi ikafa. Uvumi ukafika mtaani, na sasa hata bombani wanawake hunipisha, si kwa heshima... Nimechoka kueleza! Nikieleza, wanaitikia, kisha wanasogeza ndoo zao.

Dada zangu, nawasihi, msiolewe na mwanamume anayewatetea chumbani tu. Mpelekeni kwanza mbele ya ndugu zake, mwone kama ana mdomo.

Nanyi mnaonikwepa, niambieni. Deo hushika damu ya tumbili hao kila siku ya kazi. Mbona yeye alipewa mrija?