Nyuzi Nane za Kabeza

"Mlinzi amelala. Fundi yuko Kabeza."

Sangwa, mkuu wa Nyiraneza katika idara ya usalama, akakata simu.

Nyiraneza aliiacha pikipiki kwenye kizuizi, akakimbia kwa miguu. Jumamosi ya umuganda, kazi ya umma ya kila mwezi, barabara hufungwa, na watu wote wako mitaroni na majembe. Saa tano kamili kazi ya umma ingeisha, na mitambo ya oksijeni hospitalini ingewashwa na programu mpya.

Kwenye kitanda namba sita alilala mama yake.

Programu hiyo, ambayo kwenye simu waliiita Mlinzi, iliandikwa kwa lugha ya C na ilitakiwa kuanzisha nyuzi nane, kazi ndogo zinazokwenda kwa pamoja, kila uzi ukilinda bomba moja. Programu ya majaribio ilisema nyuzi zinaanza, kwenye mfumo wa Linux na kwenye mfumo wa Windows. Kwenye Linux zilianza. Kwenye Windows, mtu alikuwa ameandika jibu la "sawa" bila kuanzisha chochote.

Hospitali ilitumia Windows.

Aliyeandika ni Cyusa, fundi yule wa Kabeza, kibaraka wa watu wa nje. Msimbo wa programu ulikuwa kwenye kompyuta yake pekee; hapo tu ndipo ungeweza kurekebishwa.

Maduka ya Kabeza yalikuwa na kufuli nje. Moja tu halikuwa nalo. Mjinga yule alijifungia kwa ndani, siku ambayo hakuna duka linalofunguliwa.

Teke moja. Bastola ya Glock mbele.

Saa nne na dakika arobaini na sita.

"Test imepita, madamu," Cyusa alisema, mikono juu. "Iko sawa."

"Nyuzi ngapi zimeanza?"



Nyiraneza alimfunga pingu kwenye nondo ya dirisha, akakaa mbele ya kompyuta yake, Lenovo. Kwenye programu ya majaribio akaongeza hesabu: kila uzi ukianza uongeze moja, programu izisubiri zote, ndipo iseme idadi.

Kwenye Windows, sifuri.

Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Akaandika upya: jina moja la kuanzisha uzi, ndani yake njia ya Windows na njia ya Linux. Akajaribu kwenye Linux.

Nane.

Windows.

Nane.

Akaituma hospitalini. Dakika mbili kabla ya saa tano, Sangwa akapiga simu.

"Mlinzi?"

"Ameamka, chef," Nyiraneza alimwambia mkuu wake. "Tuma gari."

"Gari haziruhusiwi mpaka saa tano."

"Basi Cyusa atangoja."

Simu ikaita tena. Mama, sauti nyembamba lakini yenye pumzi, aliuliza kama binti yake amekwenda umuganda. Asipokwenda, majirani watasema.

"Niko naenda, maman."

Kufuli la Cyusa lilikuwa mezani. Nyiraneza akalichukua, akafunga mlango kwa nje kama maduka mengine yote, akateremka mtaroni kuomba jembe.