Tarehe Mosi Julai, Asubuhi na Mchana

Nyumbani kwa Verna Pardy siku huanza na birika. Likishachemka, Verna hukaanga vipande vya unga uliokandwa, kisha huvimiminia asali nyeusi ya miwa. Mjukuu wake Josie, mtoto wa miaka saba, hula vitatu. Mkwe wake Larysa hula kimoja tena akiwa amesimama, kwani Larysa ni mtu wa shughuli na kiti hakimjui.

Larysa alizaliwa Alberta, kwenye mashamba ya ngano, mbali kabisa na bahari. Aliolewa na Clayton Pardy, mvuvi wa kaa. Oktoba iliyopita mume na mke walihamia kwa mama mkwe, katika kijiji cha Pinsent Cove, Newfoundland. Sasa ilikuwa mwisho wa Juni. Clayton alikuwa baharini, na hangerudi kabla ya wiki moja.

Mwaka huo Larysa alikuwa na jambo lake. Tarehe mosi Julai ni Siku ya Kanada, na Pinsent Cove haikuwa imefanya sherehe kwa miaka sita. Kiwanda cha samaki kilifungwa, shule ikafungwa, na watu wakavunjika moyo. Halmashauri ilipouliza nani ataandaa sherehe, Larysa aliinua mkono kabla swali halijaisha. Alitaka watoto wajivunie nchi yao. Na tuseme ukweli, alitaka pia watu wamhesabu kuwa mwenzao.

Asubuhi ile alimwonyesha Verna tangazo alilolichora mwenyewe. Lilisema hivi: "Siku ya Kanada! Saa tatu asubuhi, uwanja wa mnara. Ngoma, chapati za maji, jumba la hewa la watoto kurukaruka. Njooni na kelele zenu!"

Verna alivaa miwani. Akasoma polepole.

"Saa tatu asubuhi?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Kwetu Alberta tunaanza mapema. Watu wanakunywa chai pamoja."

"Tena kwenye mnara?"

"Si ndiko kwenye mlingoti wa bendera, Mama?"

Verna alivua miwani. Akachukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akakiosha tena.

"Haya," alisema.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini Larysa alikuwa na haraka. Alichukua gundi yake, akaenda kubandika matangazo ishirini na mawili kijiji kizima.

Kesho yake visingizio vikaanza. Gus Blagdon, mpiga kodiani, alisimama mlangoni mwake akikuna kichwa.

"Samahani, kipenzi. Kodiani inavuja hewa."

"Lakini jana jioni nilikusikia ukipiga!"

"Ndiyo. Imeanza kuvuja baada ya hapo."

Wanawake watatu walikuwa wameahidi kupika chapati. Wa kwanza aliumwa mgongo. Wa pili alipata mgeni. Wa tatu, Shangazi Effie Hiscock, alisema jiko lake limekufa, na huku harufu ya mkate wa moto ilikuwa ikitoka dirishani kwake.

Larysa alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Verna alikuwa akimenya viazi.

"Mama, watu wa hapa wana nini? Hawaipendi Kanada?"

Kisu cha Verna kilisimama.

"Usiniulize swali hilo ndani ya nyumba hii," alisema. Akaweka kisu chini, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Baada ya kitambo Josie alikuja mbio. "Mama, Bibi analia."

Hasira yote ya Larysa ikageuka aibu. Alijua amekosea, ila hakujua kosa lenyewe. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu. Akajiambia, "Kuuliza si ujinga. Nitauliza leo hii hii." Akavaa koti, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mnara. Ni nguzo ya jiwe yenye majina, inayotazama bahari. Huko alimkuta Mjomba Hedley Keeping, askari mstaafu na mtunzaji wa bendera, akipaka rangi mnyororo wa uzio. Huku kwetu kila mzee ni mjomba na kila mama mtu mzima ni shangazi, undugu wa damu uwepo usiwepo, na yeyote huweza kuitwa kipenzi.

"Mjomba, nimefanya nini?" Larysa aliuliza. "Mama mkwe analia. Kijiji kizima kinanikwepa. Niambie wazi."

Hedley aliweka brashi ndani ya kopo.

"Umesoma majina haya?"

"Nimeyaona."

"Sikusema kuona. Soma."

Larysa alisoma kwa sauti. Blagdon. Hiscock. Hiscock. Keeping. Kisha akasita. Pardy, Ambrose. Pardy, Eleazar. Mbele ya majina yote tisa tarehe ilikuwa moja: mosi Julai, 1916.

"Siku moja?" aliuliza.

"Asubuhi moja, kipenzi. Beaumont-Hamel, Ufaransa, wakati wa vita kuu ya kwanza. Vijana karibu mia nane wa Newfoundland walitoka kwenye mahandaki kukabili bunduki. Kesho yake majina yalipoitwa, walioitika ni sitini na wanane. Wengine walikuwa wameuawa, au wamejeruhiwa, au hawaonekani."

Larysa alikaa chini kwenye nyasi.

"Wakati huo hatukuwa Kanada," Hedley aliendelea. "Tulikuwa nchi yetu wenyewe. Tulijiunga na Kanada mwaka 1949. Kwa hiyo Kanada nzima ikiamka tarehe mosi inacheza. Sisi tukiamka tunaomboleza kwanza. Tunavaa maua madogo ya buluu yaitwayo usinisahau. Saa tano tunasoma majina. Hakuna muziki wa kuchezesha watu kabla ya saa sita."

"Na mimi nimeandika njooni na kelele zenu."

"Umeandika. Tena kwa herufi kubwa."

Larysa alifunika uso. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Hilo ni kosa letu," Hedley alisema. "Tulidhani unajua. Tulipoona hujui, tukaogopa kukuudhi. Mtu wa hapa akitaka kukataa, anasema kodiani inavuja. Ni ujinga, lakini ndio ugonjwa wetu."

"Basi nifute sherehe yote?"

"Nani amesema ufute? Asubuhi ni ya waliokufa. Mchana ni wa watoto. Ukiipenda siku hii, uipende yote. Simama, kosa moja haliachi mke. Nitakufundisha bendera."

Alimpa kamba. Larysa alivuta bendera mpaka katikati ya mlingoti, akaishia hapo.

"Hapana!" Hedley alifoka. "Bendera haiendi nusu mlingoti kutoka chini. Kwanza ipandishe mpaka juu kabisa, ipate heshima yake. Kisha ishushe taratibu mpaka nusu. Ikifika saa sita mchana, ipandishe tena mpaka juu. Rudia."

Larysa alirudia mara nne. Mara ya nne Mjomba Hedley hakusema kitu, na kwake hiyo ndiyo sifa.

Alipofika nyumbani aligonga mlango wa Verna.

"Mama, nimetoka kwenye mnara. Nimesoma majina. Nisamehe."

Verna alikuwa ameketi kitandani na leso mkononi.

"Ambrose alikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Eleazar hakupatikana. Walikuwa ndugu wa babu wa mume wangu. Wewe unaniuliza kama naipenda Kanada. Mama yangu alipiga kura tusijiunge nayo. Mimi nimezaliwa Mkanada, na naipenda, na pensheni yake naila bila kinyongo. Lakini wale vijana walikufa wakiwa watu wa kisiwa hiki. Tukiwasahau sisi, atawakumbuka nani?"

"Hatutawasahau, Mama. Nimekuja kuomba unisaidie."

Verna akajifuta macho. "Lete simu, niwapigie wenzangu," alisema.

Jioni ile na siku mbili zilizofuata hazikuwa na mapumziko. Larysa alibandua matangazo yote ishirini na mawili. Aliandika mapya: saa tano asubuhi, kumbukumbu, saa nane mchana, sherehe. Mwenye jumba la kurukia alisema mchana ana kazi kwingine, kwa hiyo ni asubuhi au basi.

"Basi," Larysa alimjibu, akakata simu. Josie alinuna siku nzima.

Mwalimu wa watoto wa ngoma, kutoka kijiji cha jirani, naye alilalamika kuhusu saa mpya. Larysa alimweleza habari ya mnara. Mwalimu akasema, "Tutakuja asubuhi pia. Ngoma tutaziacha ndani ya basi."

Lakini Larysa hakuridhika na karatasi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, zote arobaini na moja, chini ya manyunyu. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nilikosea saa. Nisameheni. Karibuni asubuhi kwenye mnara, na mchana tufurahi." Wengi walimvuta ndani wampe chai. Shangazi Effie alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ulitaka kutupigia ngoma juu ya wafu wetu!"

"Ndiyo, Shangazi. Kwa kutojua. Sasa najua."

Effie alimpima toka kichwani hadi miguuni. "Umelowa kama kuku," alisema. "Ingia."

Tarehe mosi ukungu ulifunika ghuba. Mwaka uliotangulia wazee wapatao thelathini tu ndio waliofika kwenye mnara. Mwaka huu walikuja watu mia na zaidi: vijana, akina mama na watoto wachanga, na watoto wa ngoma wamepanga mstari mikono mitupu. Bendera ilipanda juu kabisa, ikashuka polepole, ikasimama nusu mlingoti. Palikuwa kimya hata mawimbi yakasikika.

Mjomba Hedley alisoma majina. Alipofika kwa Ambrose na Eleazar Pardy, Josie alimvuta Larysa mkono.

"Mama, hilo ni jina letu!"

"Ndiyo."

Desturi ni kwamba mtu wa ukoo huenda kuweka maua. Miaka yote Verna ndiye aliyekwenda. Safari hii alishika kishada cha maua ya buluu, akamgeukia mkwewe.

"Nenda wewe."

"Mimi, Mama? Mimi si damu yao."

"Damu iko kwa mtoto wako. Jina unalo. Nenda, watu wanasubiri."

Larysa alikwenda. Aliweka maua chini ya jiwe, akasimama kimya, kisha akarudi mahali pake. Verna alimshika mkono, na hakumwachia mpaka saa sita, bendera ilipopandishwa juu.

Mchana jua lilitoka. Ngoma zililia, na kodiani ya Gus ilipona bila fundi. Wazee walicheza na wajukuu. Chapati za maji ziliisha, na keki aliyooka Larysa, yenye jani jekundu la bendera ya Kanada, ikaisha kabla nusu ya watu hawajaonja. Shangazi Effie alifika mezani akakuta makombo.

"Keki moja kwa watu wote hawa?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Nani amekufundisha hesabu, binti? Mwakani uoke mbili."

"Tatu," Verna alimjibu akiwa mezani. "Mwakani mkwe wangu ataoka tatu."

"Tatu, Mama," Larysa alisema, akaanza kukusanya sahani.