Sindano ya Kunyamazisha

Msimamizi wa kiwanda cha nguo alikutwa amekufa kitini kwake, macho yamemtoka, midomo imeshonwa kwa uzi mweusi. Pua ilikuwa imezibwa na mafua. Sindano ilikuwa mezani, imetulia kama haijui kitu.

Inspekta aliijua. Nani asiyeijua? Itie uzi, itajie mtu, itaruka yenyewe imshone mdomo mpaka saa ya kutoka. Waliodai nyongeza ya mshahara walishonwa. Waliocheka kazini walishonwa. Sheria iliiita "kifaa cha nidhamu", na wakubwa wakapiga muhuri.

Asubuhi nzima alihoji. Mafundi thelathini, makovu midomoni, hakuna aliyeona.

"Nani aliitia uzi?"

"Mimi ni wa kola, afande. Siangalii pembeni."

"Na wewe?"

"Miaka yote mdomo ni kosa. Leo mnautaka wa nini?"

Wakacheka chinichini. Inspekta akapiga meza ngumi, akaumia mkono bure.

Akarudi kwa maiti. Ncha ya uzi iliyoning'inia mdomoni ilikuwa bapa, imetafunwa. Haikukatwa kwa mkasi. Na pale kila meza ilikuwa na mkasi wake, umefungwa kwa mnyororo.

Akang'oa kifungo cha shati lake, akaanza kuzunguka meza kwa meza. Wanne walikishona wakakata uzi kwa mkasi; mara nne akaking'oa tena, jasho likimtoka. Wa tano alikuwa mama wa vifungo.

"Nisaidie, mama."

Mama alishona kwa vidole vilivyokakamaa. Alipomaliza hakugusa mkasi. Aliinama, akakata uzi kwa meno.

"Ni wewe," inspekta akasema.

"Ni mimi. Vidole hivi havishiki mkasi tena."

"Ulijua ana mafua?"

"Wiki nzima anapiga chafya. Nilijua."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Mdogo wangu alikuwa meza ile pale. Alishonwa akiwa na mafua, akafa ameshika shati la watu. Nikaja kituoni kwako. Ulinisikiliza huku unakunywa chai, ukaandika: pumu."

Inspekta aliikumbuka chai. Huyo mdogo wake mama hakumkumbuka hata jina. Akafungua daftari la maelezo, kalamu ikagoma.

"Mdogo wako... alikuwa anaitwa nani?"

Mama akanyoosha mikono afungwe pingu.

"Miaka sita," akasema. "Leo ndiyo unauliza."