Nani Anambeba Nani

Fundi cherehani na mke wake walipanga vyumba viwili ghorofani, juu ya karakana ya seremala. Chumba cha mbele kilikuwa sebule, jiko na mahali pa kushonea. Chumba cha ndani walilala wote wanne: baba, mama, binti wa miaka minne na mtoto mchanga. Binti alikuwa mdadisi mpaka majirani wakambandika jina la Swali. Mtoto mchanga kazi yake ilikuwa kunyonya na kulala. Baba yake alimwita Bosi.

Mchana mmoja Bosi alikuwa amelala chumba cha ndani. Fundi alikuwa akipinda suruali ya mteja. Mama alikaa mlangoni kumsuka Swali nywele, na Swali alikuwa analia kabla hata hajaguswa.

Mara jirani akapiga kelele kwenye ngazi: "Gesi! Gesi inavuja! Tokeni nje!"

Harufu ilikuwa imeshafika puani. Mama akamshika Swali mkono.

"Chukua, baba Swali! Chukua!" akasema, na miguu niponye, akashuka.

Uani majirani walikuwa wamejazana. Mmoja alishika sahani ya chakula, mwingine alikuwa na povu la sabuni kichwani. Fundi akatokea akihema, amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Mtoto yuko wapi?" mke wake akauliza.

"Mtoto? Si unaye wewe?"

"Ninaye wapi? Si nimekwambia chukua!"

"Na nimechukua!"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakapanda ngazi mbio. Walimkuta Bosi amelala, hana hili wala lile. Kwa bahati nzuri, jirani mwenye mtungi alikuwa ameshafunga gesi na kufungua madirisha, na hakuna aliyewasha kiberiti wala kugusa swichi ya taa.

Waliporudi uani, Swali hakuwepo.

Walimtafuta mpaka wakamkuta kona ya barabara. Alikuwa anamuuliza fundi viatu kwa nini kiatu kina ulimi lakini hakisemi. Mama akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, akalia.

Jioni hiyo nyumba nzima ilinuna.

"Ulisema chukua," fundi alisema mwishowe.

"Ulitaka niseme nini?"

"Mchukue! Ungesema mchukue, ningejua ni mtu. Chukua ni kitu."

"Kwa hiyo mwanangu aungue kwa sababu ya sarufi?"

"Hodi humu!" Aliyeingia alikuwa jirani wa mlango wa pili. Alikuwa anafanya kazi kikosi cha zimamoto, na mtaa mzima ulimwita Mama Zimamoto. "Msijisumbue kunieleza. Ukuta wetu huu ni karatasi."

"Basi amua, dada," mama akasema. "Mwenye makosa nani?"

"Siamui kesi mimi, mdogo wangu. Mtu akishikwa na hofu hafikiri. Anafanya alichozoea. Mikono ya shemeji imezoea cherehani, ikaenda kwenye cherehani. Ndiyo maana mambo haya hupangwa watu wakiwa wametulia, kama sasa."

"Haya tumetulia," fundi alisema, bado amenuna. "Kesho nashona begi la dharura. Zipu mbili."

"Shona. Weka maji, tochi, dawa, nepi na nakala za vyeti. Lakini begi ni baadaye. Kwanza niambieni, nani anambeba nani?"

Hawakuwahi kujiuliza.

"Nitambeba Bosi," fundi akasema.

"Mimi Swali," mama akasema.

"Vizuri. Na ukimshika, sema kwa sauti: ninaye Bosi! Ninaye Swali! Usitikise kichwa tu. Kwenye moshi nani atakiona? Sasa, mkishatoka, mnakutana wapi?"

"Uani."

"Ua uko chini ya madirisha. Nyumba ikiwaka, vioo na mbao zitawaangukia."

Mama akafikiri. "Geti la shule, ng'ambo ya barabara."

"Hapo sawa. Na mkifika getini, hakuna kurudi ndani. Leo mmerudi wote wawili kwenye gesi, mkamwacha huyu peke yake. Kama kuna mtu amebaki, tuambieni sisi. Namba ya zimamoto mnayo?"

Fundi akatazama dari. Mama Zimamoto akachukua chaki ya kukatia nguo, akaiandika namba ukutani, karibu na mlango.

Swali alikuwa amesikiliza muda wote. "Na baba asipokuwepo," akauliza, "Bosi atabebwa na nani?"

Mama Zimamoto akacheka. "Huyu aje kazini kwetu!"

Wakapanga upya. Mbeleko ikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Baba asipokuwepo, mama angemfunga Bosi mgongoni na kumshika Swali mkono.

"Na mimi nikisikia moto, nakuja mbio kuwatoa," fundi akasema.

"Hapana, shemeji. Unakwenda getini kwanza. Ukiingia ndani kuwatafuta watu walioshatoka, tutaanza kukutafuta wewe."

Wakafanya mazoezi. Mara ya kwanza fundi alitoka na Swali, Bosi akabaki. Mara nyingine mama alisema "ninaye" naye hana mtu. Majirani wakawacheka. Wao wakaendelea, kila walipopata nafasi, mpaka Swali akachoka kushuka ngazi.

Miezi ikapita. Siku moja fundi alikwenda sokoni kununua nyuzi na vifungo. Chini, kwenye karakana ya seremala, vanishi ikashika moto.

Mama alisikia kelele. Akagusa mlango kwa mgongo wa mkono. Haukuwa wa moto. Akamfunga Bosi kwa mbeleko.

"Ninaye Bosi! Ninaye Swali!" akasema, ingawa hakukuwa na wa kumjibu. Akafunga mlango nyuma yake. Moshi ulikuwa umetanda juu, kwa hiyo wakashuka wameinama. Begi alilikumbuka akiwa katikati ya ngazi. Hakurudi.

Getini akapiga simu zimamoto, namba ameshaikariri.

Habari zilimfikia fundi sokoni. Alikimbia bila kuchukua chenji. Kwa mbali akaona moshi unatoka kwenye dirisha lake mwenyewe. Miguu ilitaka kwenda nyumbani. Akailazimisha kukata kulia, kuelekea shuleni.

Walikuwepo. Akamgusa Swali kichwani, akamgusa Bosi, akamshika mke wake bega.

Gari la zimamoto likafika. Mama Zimamoto akaruka chini, amevaa kofia ngumu, akaja moja kwa moja getini. Nyuma yake wenzake wawili walikuwa wameshavaa vifaa vya kupumulia, tayari kuingia kwenye moshi.

"Naambiwa majirani wengine wote wametoka. Kwenu kuna mtu ndani?"

Mama akamtazama mume wake. Akamtazama Swali. Alisikia pumzi ya Bosi shingoni mwake.

"Hakuna mtu," akasema. "Tuko wote hapa."

Mama Zimamoto akageuka. "Kwa fundi hakuna mtu!" akawapigia kelele wenzake. "Msiingie! Leteni maji!"