Maji Yaliyolala

Mtaani kwetu koki hukohoa kwanza. Hukohoa kama mzee aliyeamshwa mapema. Kisha hutema hewa, kisha kutu, ndipo yanakuja maji. Hayo ni siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine koki ni pambo la ukutani.

Na pale barabarani bomba kuu limepasuka. Hilo ndilo linalopeleka maji kule juu, kwenye nyumba za mageti. Linamwaga maji usiku na mchana. Lilipopasuka, kitinda mimba wa Mama Dobi, mfua nguo wetu, alikuwa hajaota jino. Sasa anayang'oa. Kila mwaka watu wa ofisi ya maji hutujia na kipaza sauti. Wanaruka lile dimbwi, wanajipangusa viatu, kisha wanatuambia: "Wananchi, baneni maji!"

Basi sikiliza habari ya nyumba iliyobana maji kweli kweli, na mambo yaliyofuata.

Nyumba ya Mama Dobi iko mwisho wa uchochoro. Utaijua kwa kamba za nguo. Ndani kuna meza ya pasi, na marundo ya nguo za wateja waliopotea bila kwaheri. Marundo hayo yalikuwa yameziba dirisha. Kwa hiyo taa iliwaka mchana kutwa, jua likiwa nje linasubiri kukaribishwa.

Mama Dobi aliishi na mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, na watoto. Aliishi pia na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Na Bibi alikuwa na sheria moja. Koki ikikohoa tu, maji yote ya zamani yamwagwe! Mapipa yaoshwe, yajazwe mapya.

"Maji yaliyolala si maji," Bibi alisema kila mara. "Yamelala, yameota ndoto mbaya. Mwaga!"

Nani angembishia? Watu walimwaga.

Asubuhi moja uani palikuwa na mlima mweupe. Zilikuwa sare za wauguzi, darasa zima, waliokuwa wakimaliza chuo. Kesho yake saa tatu wangekula kiapo. Binti mkubwa wa Mama Dobi alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyemwambia mkuu wa chuo, "Mpeni mama yangu sare zetu. Hakuna anayeng'arisha nyeupe kama yeye." Mkuu alisita, maana kuna kampuni ya mashine mjini. Mwishowe akakubali.

Mama Dobi alikuwa akikunja mikono ya gauni lake. Mara koki ikakohoa.

"Yamekuja!" Bibi akapaza sauti.

Akalisukuma pipa la kwanza. Pwaa! La pili. Pwaa! La tatu. Ua ukawa matope. Alipolikumbatia la nne, Mama Dobi alipiga kelele.

"Mama, ngoja! Sikiliza!"

Wote wakasikiliza. Koki ilikohoa tena. Ikatema hewa. Ikanyamaza.

Walingoja. Koki haikusema kitu.

"Labda yanapanda mlima," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Mama," alisema Mama Dobi, "sare za darasa zima ziko hapa. Kesho mjukuu wako atasimama mbele za watu. Atavaa nini? Atavaa matope haya?"

Bibi aliketi juu ya ndoo. Mume wa Mama Dobi, Fundi Rangi, alitoka ndani na mswaki mdomoni. Akatazama matope, akatazama mlima mweupe, akatazama mama yake. Mswaki ukaanguka.

"Hodi humu!" Sauti ikapasua uchochoro. "Nani kafa?"

Alikuwa Shangazi Koki, fundi wa mabomba wa nyumba ya tatu. Mwanamke huyu hajui kunong'ona. Akisema siri, hata viziwi wanajua.

"Hajafa mtu," alijibu Bibi. "Yamekufa maji. Nimeyaua mimi."

Shangazi Koki alitazama mapipa matatu yaliyolala ubavu. Akashika kiuno.

"Shikamoo kwanza, mama. Sasa niambie, maji haya yalikukosea nini?"

"Marahaba. Yalikuwa yamelala."

"Hata wewe ulilala jana. Mbona hatukukumwaga?"

Fundi Rangi alicheka, akakutana na jicho la mkewe, akaacha kucheka. Lakini Bibi hakucheka. Alisema polepole.

"Wewe mtoto hujui. Zamani nilikuwa na mtungi mkubwa, nikiweka maji mpaka yaishe. Mwanangu wa kwanza alikunywa humo. Aliugua. Nilikuta wadudu wanacheza ndani ya maji. Tangu siku hiyo sijaacha maji yalale."

Shangazi Koki alichuchumaa mbele yake. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulimsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Mama, mtungi ule ulikuwa na kifuniko?"

Bibi alifikiri. "Ulikuwa wazi."

"Maji yalichotwa kwa kitu gani?"

"Kwa kikombe chochote. Mikono ya kila mtu."

"Basi ulikuwa sahihi kuogopa. Ila mwenye kosa hukumjua. Maji hayaharibiwi na kulala, mama. Yanaharibiwa na uwazi. Mbu hutaga, vumbi huingia, mikono michafu huingia. Chombo kikiwa safi na kimefunikwa, maji yakae tu. Ya kunywa uyachemshe. Ya kufulia hata hayahitaji hilo."

Bibi alitazama matope. "Miaka yote hiyo," alisema. "Miaka yote hiyo nimekuwa nikiadhibu asiye na hatia."

"Majuto baadaye!" Shangazi Koki akainuka, na sauti yake ikarudi. "Pipa moja limebaki. Tangi la juu je?"

"Hilo ni la choo tu," alisema Mama Dobi. "Tulilijaza juzi, lakini huwa linakauka upesi. Sijui kwa nini."

"Hujui?" Shangazi Koki alitega sikio. "Kuna mtu chooni?"

"Hakuna."

"Sasa anayekojoa bila kupumzika ni nani?"

Wakasikiliza. Kweli! Ssssss. Sauti ilikuwepo siku zote. Walikwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe.

"Lete buluu," alisema Shangazi Koki.

"Buluu gani?"

"Hiyo unayong'arishia sare. Kidogo tu."

Mama Dobi alileta pakiti yake ya buluu ya kufulia. Shangazi Koki akafunua tangi dogo lililo nyuma ya choo, akatia chembe chache. Maji ya mle ndani yakawa kama wino.

"Mtu asivute maji," alisema. "Hili ndilo jaribio. Kama tangi halivuji, rangi itabaki humu humu. Kama linavuja, tutaiona chini kwenye bakuli. Tunywe chai, turudi."

Chai haikumalizika. Bibi, asiyeweza kungoja, alikwenda kuchungulia. Mara tukasikia ukelele.

"Uwiii! Choo kinalia wino!"

Wote wakakimbia. Mstari wa buluu ulikuwa ukiteremka ndani ya bakuli, mwembamba, bila haya.

"Huyu hapa mwizi wenu!" Shangazi Koki alipiga makofi. "Anakunywa tangi zima, nanyi mnasema maji hayatoshi. Mpira wa chini umechoka, haukai sawasawa. Ni kitu kidogo. Fundi Rangi, funga koki ya choo hapo ukutani."

Fundi Rangi akaifunga. Ssssss ikakoma. Ukimya ule ulikuwa mtamu! Akapanda ngazi yake ya kazini mpaka kwenye tangi la juu, akapiga ubavu kwa ngumi.

"Limefika nusu!" akapiga kelele kutoka juu. "Nusu nzima!"

"Nusu na pipa moja," alisema Mama Dobi. Macho yake yakaanza kuwaka. "Haitoshi kwa ninavyofua mimi. Mimi humwaga maji kila baada ya nguo chache."

"Basi leo utafua kwa foleni," alisema Shangazi Koki. "Panga mabeseni manne. La kwanza sabuni. La pili suuza. La tatu suuza ya mwisho. La nne buluu. Nguo zinakwenda mbele, maji yanarudi nyuma."

"Yanarudi nyuma vipi?"

"Maji ya sabuni yakichafuka, yatie kwenye ndoo, yatasafisha choo. La pili linasogea kuwa la sabuni. La tatu linasogea kuwa la pili. Maji mapya yanaingia la tatu peke yake. La buluu halimwagwi, linapokea nguo zote. Na uanze na sare safi zaidi, zile chafu ziwe mwisho."

Mama Dobi alisimama kidogo akiyaona maji yale kichwani. Kisha akapiga paja.

"Kwa hiyo maji yaleyale yananifanyia kazi mara tatu!"

"Na mara ya nne chooni. Usimsahau mwizi."

Hapo kazi ikaanza! Fundi Rangi akaleta ndoo zake zenye vifuniko. "Za rangi hizi," alionya. "Nimezisugua, zitafaa kwa maji ya choo. Ya kunywa msitie humu hata kwa bahati mbaya." Watoto wakabeba. Mama Dobi akafikicha. Shangazi Koki akasuuza huku akitoa amri kama mkuu wa jeshi. Na Bibi je? Bibi alilinda pipa la nne. Alikaa juu ya kifuniko chake na fimbo mkononi, na kila aliyechota aliambiwa, "Funika! Umezaliwa nyumba isiyo na mlango?"

Adhuhuri kamba zote zilikuwa nyeupe. Upepo ukaingia ndani ya sare, zikajaa vifua, zikawa kama wauguzi wenyewe wanacheza uani. Watoto walipiga makofi.

Ikabaki pasi. Umeme kwenye mita ulikuwa umebaki kidogo.

"Wewe hupiga pasi namna gani?" aliuliza Shangazi Koki.

"Mteja akija, nawasha. Akiondoka, nazima. Akija mwingine, nawasha tena."

"Kila ukiwasha, umeme unaliwa kupasha chuma kilichopoa. Kusanya nguo, uzipige zote kwa mkupuo mmoja, zikiwa bado na unyevu kidogo. Ukifika za mwisho, chomoa. Joto lililobaki litamaliza zile nyepesi. Na hii taa inamulika nini saa hizi?"

"Dirisha limezibwa na nguo za wateja."

"Wateja waliohama mtaa! Toa!"

Waliyahamisha marundo. Dirisha likafunguka kwa kelele. Jua likaingia ndani kama mgeni aliyekaa nje miaka. Mama Dobi akazima taa. Akaona kona za chumba chake mwenyewe, akacheka.

"Kumbe ukuta wangu ni wa kijani!"

"Niliupaka mimi," alisema mumewe kwa uchungu. "Kila siku nakwambia."

Jua lilipoanza kushuka, sare ya mwisho ilikunjwa. Pasi ilikuwa imechomolewa, bado ina joto. Na pipa la nne? Halikuwa limeisha. Bibi alilifungua kila mtu aone, kisha akalifunika haraka.

Kesho yake saa tatu wauguzi waliingia ukumbini kwa mistari. Watu walikodoa macho kwa weupe ule. Binti wa Mama Dobi alipita mbele yao, kidevu juu. Bibi akamgusa jirani asiyemjua na kumwambia, "Unaona weupe huo? Ni maji yaliyolala."

Mkuu wa chuo alimfuata Mama Dobi mlangoni. "Sare za mwaka ujao ni zako," alisema.

Siku ya maji ilipofika, koki ilikohoa. Mazoea ni kama sheria. Watoto walikimbilia pipa wakalimwage. Walimkuta Bibi ameketi juu yake.

"Hilo acheni lilale," alisema. "Jazeni yale matupu. La zamani litumike kwanza, jipya lingoje zamu."

Shangazi Koki alibadilisha mpira wa choo. Maji yaliyokuwa yakiisha katikati ya wiki sasa yalifika siku ya maji na mengine kubaki. Majirani wakaja kuazima buluu. Kila nyumba ikatia chembe chache chooni kwake, na huku na huko ukasikia, "Uwiii!" Waliovujiwa wakaziba.

Lakini tuseme ukweli. Ungechanganya vyoo vyote vya mtaa, visingefikia lile bomba la barabarani.

Asubuhi moja Bibi alijifunga kitenge, akachukua pakiti mbili za buluu.

"Mama, wapi?" aliuliza Mama Dobi.

"Kufanya jaribio."

Tulimfuata. Alifika kwenye bomba lililopasuka, akamwaga pakiti zote mbili. Mfereji mzima wa maji yaliyomwagika ukageuka buluu. Ukateremka mbele ya duka la mkate, mbele ya kinyozi, mbele ya shule. Watu walitoka kuangalia, wakaanza kuufuata. Ukapinda kona. Ukapita mbele ya lango la ofisi ya maji.

Mkubwa wa ofisi alitoka kutazama kelele ni za nini. Aliinua mguu auruke mfereji, kama alivyozoea. Akauona umati. Akaurudisha mguu.

"Kuna nini, bibi?"

"Mwanangu," alisema Bibi, "mlikuja na kipaza sauti mkatuambia tubane maji. Tumebana. Choo changu kilikuwa kinalia hivi hivi, na dawa yake ilikuwa mpira mdogo. Nimeziba cha kwangu. Cha kwako unaziba lini?"

Mkubwa akamtazama Bibi. Akautazama mfereji mpaka kona ulikotokea. Hapakuwa na mtu wa kumcheka wala wa kumtukana. Mtaa mzima ulisimama na mikono safi, ukimngoja ajibu.

Mafundi walifika na majembe kabla ya adhuhuri. Bibi aliwasimamia mwenyewe, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa.