Siku Sauti ya Baba Ilipozimika

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Baba iliyokuwa kando ya dirisha. Jina hilo binti huyu alipewa na Bibi, kwa sababu kila kitu alikifanya mbiombio. Vyombo alivirudisha kabatini vikiwa bado vinachuruzika maji, na asubuhi hakukosa kukimbilia shule huku anafunga vifungo vya shati njiani.

Juu ya meza ile palikuwa na kompyuta kuukuu. Zamani Baba alikuwa mpiga mnada sokoni, mtu ambaye sauti yake ilisikika kutoka upande mmoja wa soko hadi mwingine. Kisha akaugua koo. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakauokoa uhai wake, lakini sauti ikaenda na maradhi. Sasa alichapa maneno kwenye kibodi, na kompyuta ikayatamka. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, hakuweza tena kusoma, kwa hiyo kompyuta ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumsikia mwanawe.

Tabu ni kwamba kompyuta ilikuwa nzito mno. Baba alimaliza kuchapa, feni ikavuma, na maneno yakachelewa mpaka Bibi akawa ameshauliza jambo jingine.

"Chakula umekipenda?" Bibi aliuliza siku moja. Kimya. "Haya, na koo bado linauma?"

"Ndiyo, tena kitamu sana," kompyuta ikajibu.

Wote walicheka. Lakini Chapuchapu alimwona Baba akiondoa mikono kwenye kibodi na kutazama nje dirishani, na kicheko chake mwenyewe kikamkauka.

Siku chache baadaye, binamu yake, kijana aliyependa kuchokonoa vyombo vya umeme, alimletea kipande kidogo cha mraba alichokifunga kwa karatasi. Upande mmoja kiling'aa kama kioo, upande wa pili kilijaa pini nyembamba kama nywele.

"Hii ni prosesa," binamu alisema. "Ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Nimeitoa kwenye mashine ya ofisini iliyotupwa. Ina nguvu kuliko ile ya baba yako."

"Itaingia kwenye ya kwetu?"

"Soketi, pale inapokaa, ni ileile. Toa ya zamani, weka hii, basi."

"Una hakika?"

"Wewe nawe! Ikiingia, imekubali."

Alasiri ile Mama alikuwa kazini, na Baba alikuwa amekwenda kliniki kupokea majibu ya vipimo. Chapuchapu alichomoa waya wa umeme, akafungua sanduku la kompyuta, akatazama mazabodi, ule ubao mpana ambao vipande vyote huunganishwa juu yake. Aliivuta feni. Ilikuwa imegandana na prosesa ya zamani, na kwa vile alivuta kwa nguvu, vyote viwili vikang'oka pamoja na kuanguka mezani. Hakujali. Aliibandua ile ya zamani kwenye feni. Prosesa mpya ilitua kwenye soketi kama iliyozaliwa humo, naye akairudisha feni juu yake, akatabasamu.

Alirudisha umeme, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kioo kikabaki cheusi.

Alizima, akawasha. Cheusi. Aliitoa ile mpya, akachukua prosesa ya zamani airudishe, ikakataa kukaa. Alipoigeuza na kuisogeza kwenye mwanga, aliona pini moja ya pembeni imelala.

"Mjukuu wangu," Bibi aliita kutoka kwenye kiti chake, "mbona kimya huko? Wewe ukinyamaza, kuna jambo."

"Hakuna kitu, Bibi. Nafuta vumbi."

Alifunika sanduku haraka na kukaa mbali na meza, kitabu mkononi. Macho yalisoma mstari mmoja ule ule. Kila hatua zilipopita nje, alitupa jicho mlangoni.

Baba alirudi akitembea kwa haraka, uso umemchangamka. Hata kofia hakuvua. Alikwenda mezani, akabonyeza kitufe, akasubiri.

"Umerudi, mwanangu?" Bibi aliinua uso. "Daktari amesemaje? Nimekaa roho juu tangu ulipotoka."

Baba alibonyeza tena. Akakagua waya. Midomo yake ilifunguka, na hakuna kilichotoka. Akamgeukia Chapuchapu, akanyoosha mkono kuelekea kompyuta, na nyusi zake zikauliza.

"Labda umeme, Baba," Chapuchapu alisema. "Leo umekuwa ukikatika."

Baba alichukua karatasi, akaandika, akampa amsomee Bibi. Chapuchapu alisoma: "Mama, vipimo ni vizuri. Ugonjwa haujarudi. Nimepita njia nzima nikipanga jinsi nitakavyokwambia."

Bibi alifunga macho, akashukuru kimyakimya. Kisha akasema, "Habari njema, mjukuu wangu. Ila nimekusikia wewe. Nilitaka kumsikia yeye."

Chapuchapu aliiweka karatasi chini.

"Si umeme," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nilitaka iende haraka, nikabadilisha prosesa. Nimeiharibu, Baba. Na pini imepinda. Nimekudanganya, na Bibi nimemdanganya pia."

Alingoja karipio. Baba alivua kofia, akaandika neno moja: "Shangazi."

Shangazi, dada yake Baba, alifundisha ufundi wa kompyuta chuoni. Alifika baada ya kazi, begi la vifaa begani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe ulichofanya, hatua kwa hatua, wala usiniruke hata moja."

Chapuchapu alieleza yote, hata ile ya kung'oa kwa nguvu. Shangazi aliinua prosesa ya zamani, akachukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, akaitoa risasi, akaivalisha ncha yake yenye tundu kwenye ile pini. "Ikivunjika ndiyo basi," alinong'ona. Aliisukuma taratibu, akapumzika, akaisukuma tena. Pini ikasimama wima. Aliiweka prosesa kwenye soketi, akapaka krimu mpya ya kupitisha joto, akairudisha feni, akawasha.

Kioo kikang'aa. Bibi alisikia mlio wa kompyuta ikiamka, akapiga makofi.

"Kwa hiyo ile mpya ni mbovu?" Chapuchapu aliuliza.

"Sijui bado, na wewe hukujua. Soketi kufanana hakutoshi. Mazabodi lazima iitambue prosesa, na imudu kuilisha umeme. Soma namba iliyochapwa hapo kwenye ubao. Yote, mpaka herufi ya mwisho."

Chapuchapu alisoma, Shangazi akaiandika kwenye simu na kufungua ukurasa wa kampuni iliyotengeneza ubao ule. Palikuwa na orodha ya prosesa zinazokubalika. Chapuchapu aliteremka nayo kwa kidole, polepole, akilinganisha na maandishi yaliyokuwa juu ya ile mpya.

"Hii hapa! Ipo!" Kisha kidole kikasimama. "Lakini pembeni wameandika toleo la bayosi. Bayosi ndiyo nini?"

"Ni programu ndogo inayoiamsha kompyuta na kuitambulisha vipande vyake. Ya kwenu ni ya zamani, prosesa hii ilitengenezwa baadaye. Ndiyo maana haikuijua. Tukiisasisha kwanza, tukiwa bado na prosesa ya zamani, itaijua."

"Umeme ukikatika katikati ya kusasisha?"

"Kompyuta inaweza isiamke tena."

Taa ya chumbani ilififia, ikarudi. Baba alichapa upesi, na baada ya kimya cha kawaida kompyuta ikasema, "Tufanye leo." Alikuwa na hamu, ilionekana wazi.

Chapuchapu alijifuta pua. "Hapana, Baba. Umeme unachezacheza. Tusubiri."

Shangazi alimtazama kaka yake. Baba alikunja mikono, akakubali kwa kichwa.

Kesho yake Shangazi alikuja na betri kubwa ya akiba. Walisasisha bayosi huku Chapuchapu akiutazama mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofikia ukijaa kwa uchovu. Ulipojaa, kompyuta ilijizima, ikakaa, ikawaka. Ndipo wakaweka prosesa mpya, pini zikashuka zenyewe bila kusukumwa. Kioo kikaonyesha jina lake.

Baba alichapa, na kabla hajaondoa vidole, maneno yalikuwa hewani: "Mama, vipimo ni vizuri. Ugonjwa haujarudi."

"Jamani, taratibu!" Bibi alicheka, huku akipapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe. "Masikio yangu nayo ni ya zamani."

Baba alimwita binti yake karibu, akachapa kwa muda. Kompyuta ikasema, "Hukukosea kutaka kunisaidia. Ulikosea kwa kufungua kabla ya kuuliza na kukagua, na ukakosea zaidi kwa kuficha. Ungeshikilia ile habari ya umeme, tungehangaika na nyaya wiki nzima, na pini ingebaki imelala. Ukweli wako ndio ulioanza kuitengeneza kompyuta hii. Usijaribu kitu cha watu kwa kubahatisha. Kagua, uliza, kisha ndipo ushike."

"Nimesikia, Baba," Chapuchapu alisema.

"Na mimi nimemsikia," Bibi aliongeza.